Kila Kifundo ni Mche

Kahawa ya Ciakuthii ilikuwa imevaa soksi. Ndivyo Tabby, jirani yake, alivyosema, na wote waliosimama naye barabarani wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mashina mia moja na arobaini yaliteremka kutoka nyumbani hadi kijitoni, na kila shina lilikuwa limezama hadi magotini katika zulia la majani mazito yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta. Juu ya zulia hilo vilisimama vijiua vya manjano, maelfu kwa maelfu, vichangamfu kama wageni wasiojua kwamba karamu imekwisha.

Anayepita kwa gari akitokea Githongo angedhani mwenye shamba hilo ni mtu mwenye raha. Hangejua kwamba tunda la kahawa likianguka humo halipatikani tena, kwamba mbolea huliwa kabla haijafika kwenye mzizi uliokusudiwa, na kwamba msimu uliopita Ciakuthii alikwenda kiwandani na ndoo moja huku majirani wakishusha magunia.

Katika vitabu mmea huo bila shaka una jina refu. Huku mlimani uliitwa mwalimu. Hapo mwanzo lilikuwa "ua la Mwalimu", kwa heshima ya aliyelileta, Mwalimu Igoki, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mvua zikaja zikapita, heshima ikachakaa, jina likafupika. "Jana nimeng'oa mwalimu mzima nikamtupa kijitoni," mtu angesema. "Wako ni mmoja," angejibiwa. "Kwangu mwalimu amehamia na ukoo wake." Igoki alicheka pamoja nao. Alikuwa na kicheko maalumu cha jambo hilo, kifupi, kilichokatwa sawasawa kama nyasi za mbele ya ofisi ya shule.

Hakuna aliyemlaumu. Mtu huleta ua zuri, ua likawa na tabia mbaya. Hilo huweza kumpata yeyote. Ambalo hawakulijua ni kwamba yeye alikuwa ameambiwa.

Aliambiwa miaka minane iliyopita, mjini Embu, katika bustani ya chuo kimoja ambako walimu walikuwa wamekusanywa kwa semina. Wakati wa mapumziko alimkuta mtunza bustani, mzee aitwaye Ndambiri, akimwagilia maji mkebe wa rangi uliofurika maua ya manjano.

"Unalitaka?" mzee akamuuliza alipomwona hasogei.

"Nalitaka sana."

"Basi lisitoke kwenye mkebe. Lisiguse shamba. Na ukilikata usitupe ovyo." Alishika utambaa mmoja, shina linalotambaa, akamwonyesha mahali unapovimba, mizizi midogo myeupe ikichungulia. "Unaona hapa? Kila kifundo ni mche. Ukikata vipande kumi, umepanda kumi."

"Mzee, mimi ni mwalimu," Igoki akasema, akitabasamu.

"Ndiyo maana ninarudia. Kila kifundo ni mche."

Mkebe ulitosha kwa miezi mitatu. Kisha utambaa mmoja ukaning'inia ukingoni, ukaugusa udongo, ukakaa. Mwaka ulipoisha ulikuwa umevuka njia, umelala juu ya vitunguu, umelizunguka tangi la maji. Igoki aliukata kila Jumamosi, na kila Jumamosi ulikuwa mpana kuliko ile iliyotangulia. Hakumwambia mtu. Mtu aliyefundisha Sayansi ya darasa la saba kwa miaka thelathini na mitatu hawezi kwenda kwa jirani kulalamika kwamba ameshindwa na ua.

Ndipo zamu yake ya ziara ilipofika.

Akina mama wale walikuwa na desturi. Kila mwezi walitembelea nyumba ya mmoja wao. Wakaimba, wakaomba, wakanywa chai kwa nduma za kuchemsha, halafu mwenye nyumba akawazungusha shambani, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Huyu alipewa chipukizi la mgomba, yule mbegu za viazi vitamu, mwingine ua. Kanuni ilikuwa moja tu: mche haushukuriwi. Ukishukuru, unakauka. Unaupokea, unautia mfukoni, unaanza kuzungumza habari za mvua.

Igoki alipoolewa huku, akiwa mwalimu mpya mwenye chaki bado vidoleni, Ciakuthii alimpa kipandikizi cha mwaridi mwekundu uliokuwa karibu na mlango wa jikoni. Mwaridi huo ulikuwa wa mama mkwe wake Ciakuthii. Ulikuwa mmoja tangu zamani. Haukutambaa, haukuzaa ovyo, na vipandikizi vyake vingi vilikufa. Igoki aliyajua mambo ya imani za vijijini na hakuyapenda. Alisema asante, kwa sauti, mara mbili. Kipandikizi kilikauka siku ya tisa. Tabby husimulia kisa hicho hadi leo, na kila akisimulia, zile asante huongezeka.

Tangu siku hiyo, zamu ya Igoki ilipofika, ziara iliishia kwenye kikombe cha chai. Hakuzungusha mtu shambani. Ila mwaka ule wageni walilichungulia ua la manjano dirishani, wakatoka wenyewe, wakaguna kwa kutamani. Na nyuma ya nyumba yalikuwapo magunia matatu ya tambaa za ua hilo zilizokatwa asubuhi hiyo, yakingoja mtu wa kwenda kuyachoma.

"Chukueni," Igoki akajikuta akisema. "Nilikuwa nimewaandalia."

Kila mmoja alipata kifurushi. Nelius, katibu, aliandika kwenye daftari la kumbukumbu kwamba mwenyekiti ana mkono wazi. Hakuna aliyeshukuru. Walipokuwa wakienda nyumbani manyunyu yakaanza, na kila mmoja akapanda kabla ya giza kuingia.

*

Miaka saba baadaye, mwezi wa Machi, zamu ikamfikia Ciakuthii. Alisimama kanisani baada ya ibada, ameegemea mkongojo kwa sababu ya nyonga iliyomsumbua, akawaambia wenzake:

"Kwangu msije na nyimbo. Njooni na mapanga."

"Mama Kiogora, unataka kupigana na nani?" Tabby akauliza.

"Na mwalimu." Wakacheka, Igoki akiwamo. Ciakuthii alingoja kicheko kiishe. "Mwanangu Kiogora amenipigia simu kutoka kazini Kiambere. Anasema mvua ikishika ataleta watu wang'oe kahawa yote, apande maparachichi. Anasema kahawa imeshindwa na majani, na mimi nimeshindwa na mguu. Nimemwomba anipe wiki mbili aje aone."

"Na maparachichi si mabaya," Nelius akasema. "Yana soko."

"Si mabaya. Yatakuwa ya Kiogora." Akahamisha uzito kwenye mguu mzima. "Namba ya kuuzia kahawa kiwandani ni yangu. Si ya marehemu mume wangu, si ya mtoto. Nikiwa na kahawa, Kiogora hunipigia kuniuliza. Nikiwa sina, atakuwa ananipigia kuniambia."

Wengi wao walikuwa na watoto wa namna hiyo.

Jumamosi walifika kumi na wanne, na buti za mpira na leso viunoni. Ciakuthii aliketi juu ya kibao mwanzo wa shamba, mguu ameunyoosha. Igoki ndiye aliyeomba, na sala yake ilikuwa fupi kuliko kawaida. Alimwomba Mungu aibariki kazi ya mikono yao. Alipofika hapo sauti yake ikapungua, akasema amina.

Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa wiki nzima, akalipatia njia. Angeng'oa mstari wake kwa mikono, taratibu, utambaa kwa mzizi wake, akiukunja kama mkeka na kuutia guniani. Wenzake wangemtazama, wangeiga. Kwa maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba mfano hufundisha kuliko maneno.

Hakuna aliyeiga. Tabby alianzisha wimbo, mapanga yakapanda na kushuka, na vipande vya kijani vikaruka kama makapi yanayopepetwa. Kulikuwa na raha katika kazi ile, raha ya kumkata adui asiyejitetea. Vipande viliangukia katikati ya mistari, vikakanyagwa vikazama kwenye udongo laini, vikapigwa mateke, vikabingirika hadi kijitoni vikaenda na maji kwa watu wa chini. Igoki alihesabu, jinsi alivyozoea kuhesabu makosa pambizoni mwa daftari. Pigo hili, kumi. Lile, thelathini. Saa nne, mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa mlima, aliacha kuhesabu.

Kunyamaza kulikuwa rahisi, na hakukuwa na hatari. Shamba lingeonekana safi kwa wiki tatu. Kiogora angekuja, angeona, angeahirisha. Kisha mvua ingefanya kazi yake, na kila mahali palipokuwa na mmoja wangesimama kumi, na watu wangetikisa vichwa waseme ua hili lina laana. Lawama yote ingekuwa ya ua. Jina la Mwalimu lilikuwa limeshabeba mzigo huo, halingezidiwa. Ciakuthii peke yake ndiye angezidiwa, na hata yeye hangejua ni nini kilichompata.

"Mwalimu!" Ciakuthii akaita kutoka juu. "Mbona unang'oa kama anayetoa mwiba kwenye kidole? Utamaliza Krismasi?"

"Anawaaga jamaa zake," Tabby akasema, na shamba zima likacheka.

Kicheko kilimwinua Ciakuthii. Aliacha kibao, akateremka hatua moja moja na mkongojo wake mpaka kwenye shina la kwanza lililokuwa limevuliwa soksi, akaligusa gome. Kisha akainama, kwa shida, akaokota kipande cha utambaa chini ya mguu wake, akakirusha kwa nguvu zote kuelekea bondeni. Kilifika mbali. Akakitazama kilipoangukia, usoni ana furaha kama ya msichana anayelenga embe kwa jiwe.

Igoki akasimama wima.

"Acheni," akasema. Hakuna aliyesikia. Akatoa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu astaafu: "Wekeni mapanga chini!"

Wakayaweka. Nusu yao alikuwa amewafundisha. Nusu nyingine alikuwa amewafundishia watoto.

"Hatukati tena. Kila kipande mlichokata kitaota. Kila kifundo ni mche."

"Nani amesema?" Nelius akauliza.

"Aliyenipa."

"Alisema lini?"

Igoki alikuwa na nafasi hapo. Angeweza kusema juzi. Angeweza kusema amempigia mzee simu wiki hii. Ndambiri alikuwa mbali, na hakuna aliyemjua.

"Siku aliyonipa," akasema.

Nelius aliishi kwa tarehe. Ndiye aliyetunza daftari. Ilionekana usoni mwake jinsi alivyokuwa akirudi nyuma, mwezi baada ya mwezi. "Siku aliyokupa. Kabla hujatugawia."

"Kabla."

"Na yale magunia uliyotuandalia..."

"Yalikuwa takataka. Nilikuwa nimeshindwa nayo. Yalikuwa yanangoja kuchomwa, mkaja ninyi."

Tabby akapangusa mikono kwenye leso. "Kwa hiyo tulikuja kwako kumwomba Mungu," akasema taratibu, "tukarudi na taka zako vichwani. Na mimi nikasifu chai!" Alicheka peke yake.

Wote wakamgeukia Ciakuthii. Alikuwa ameokota kipande kingine, na sasa alikuwa akikigeuza kiganjani, akikitafuta kifundo. Alikiona.

"Sasa tunafanyaje?" akauliza. Hakumwangalia Igoki, alikiuliza kile kipande.

Igoki akaeleza. Kung'oa, si kukata. Kukunja. Kuokota kila kilichoanguka, hata cha urefu wa kidole. Kisigusane na udongo wala maji wala samadi; kianikwe juu ya mabati hadi kivunjike kwa kushikwa. Alieleza vizuri. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia, kwamba alijua kulieleza vizuri namna ile.

Waliobaki walipiga magoti wakaokota. Wanne walikumbuka kazi nyumbani kwao wakaenda. Hakuna aliyeimba. Nelius aliokota mstari wa jirani na Igoki tangu juu hadi chini bila kugeuza shingo. Igoki alipofika mwisho aliingia kijitoni na buti zake, akafuata maji, akivitoa vipande kwenye mizizi na kwenye mawe, mpaka akapita shamba la pili na la tatu, mpaka maji yakamwingia butini asisikie tena vidole vya miguu.

*

Aliporudi, wenzake walikuwa wamekwenda. Magunia ishirini na mawili yalikuwa yamesimama ukutani mwa ghala, na Ciakuthii alikuwa ameketi mbele yake kama anayeyachunga.

"Nilijua," Ciakuthii akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya kwako. Mtu hatoi kitu akipendacho kwa magunia, Mwalimu. Akipendacho hukitoa kimoja, na anakifuata kwa macho mpaka langoni. Wewe ulikuwa hututazami. Ulikuwa unatazama magunia yakipungua."

Igoki alivua buti moja, akamwaga maji. "Sasa mbona ulichukua?"

"Miaka thelathini tulikuwa majirani, na hukuwa umewahi kunipa kitu. Nikaona nisikatae cha kwanza."

Alilisema bila uchungu, kama anayetaja umbali wa kufika Embu. Igoki alivua buti ya pili, akamwaga maji yake.

Ciakuthii akainua mkongojo, akagonga gunia la kwanza. "Asante," akaliambia. Akagonga la pili. "Asante sana." La tatu. "Asante, Mungu akubariki, akuzidishie!" Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa ukuta, akicheka, akishika nyonga iliyokuwa ikimuuma kwa kucheka. "Kama kanuni yetu ina ukweli," akasema akihema, "haya yamekufa yote."

Igoki naye akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha siku zote. Kilitoka vibaya, kirefu, na mwishoni ilikuwa vigumu kujua kama bado ni kicheko.

Mwezi wa Aprili Nelius akawa mwenyekiti. Igoki aliona kwenye ratiba iliyotumwa kwa simu, kama walivyoona wengine. Watu waliendelea kuliita ua lile mwalimu, ila sasa waliacha kulitaja alipokaribia, na aligundua kwamba ukimya huo ulimchoma kuliko mzaha.

Kiogora alikuja kutoka Kiambere na watu wawili na kamba ya kupimia. Alisimama mwanzo wa shamba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, na kahawa, iliyokuwa imepata pumzi, ilikuwa imechanua. Matawi yote yalikuwa meupe, na harufu yake ilifika barabarani. Aliitazama, akamtazama mama yake, akaizungusha kamba mkononi.

"Nitarudi baada ya mavuno," akasema.

"Nipigie kwanza uniulize," mama yake akamjibu.

Vifundo vilivyofichika viliota, kama mzee wa Embu alivyosema. Igoki alikuja kila Ijumaa. Alipita mstari baada ya mstari ameinama, na Ciakuthii alikaa kwenye kibao chake akimwelekeza kwa mkongojo.

"Hapo."

"Wapi?"

"Nyuma yako. Umemkanyaga."

Hawakuzungumza mengi. Wiki nyingine alijaza mfuko, wiki nyingine kiganja. Mwisho wa Mei ilipita Ijumaa ambayo aliokota vitatu tu, akaviweka mezani jikoni, vikatazamwa na wote wawili kama samaki wadogo.

Alipoinuka kwenda, Ciakuthii alikuwa ametangulia nje. Alikuwa ameinama kwenye mwaridi, kisu mkononi, akichagua. Alichagua kwa muda mrefu. Akakata kipande kimoja cha urefu wa kalamu, akakifunga kwa jani bichi la mgomba, akampa.

Igoki alikipokea kwa mikono miwili. Neno lilimpanda kooni likafika kwenye meno. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amewakalisha watoto chini mpaka walitamke.

"Mvua ya jana imenyesha vizuri," akasema.

"Imenyesha," Ciakuthii akajibu, na macho yake yakalifuata lile jani la mgomba, polepole, mpaka langoni.